Hitilafu za mfumo wa mafuta katika ndege za kujijengea

Hitilafu za mfumo wa mafuta katika ndege za kujijengea ni kasoro zinazozuia petroli kufika kwenye injini ikiwa safi na kwa kiasi cha kutosha. Ndege hizo huundwa na watu binafsi badala ya kiwanda. Kwa hiyo mpangilio wa mabomba na vali unaweza kutofautiana hata kati ya ndege mbili za muundo mmoja.

Njia ya mafuta

Petroli hutoka kwenye tangi, hupita kwenye vali ya kuchagua tangi, chujio na pampu, kisha huingia katika kabureta. Tangi likiwa juu ya injini, mafuta yanaweza kushuka yenyewe bila pampu. Kila tangi huwa na tundu la kuingiza hewa ili kujaza nafasi ya mafuta yaliyotumika.

Dalili na sababu zake

- Injini inanguruma vizuri kwa mzunguko mdogo lakini inakosa nguvu ikifunguliwa kabisa: mafuta hayatoshi. Huenda chujio limeziba, bomba limejikunja, au nyigu wamejenga ndani ya tundu la hewa.
- Injini inakatakata au kuzimika baada ya ndege kunyeshewa: maji yameingia. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutuama chini ya tangi na hutolewa kabla ya kuruka.
- Injini inasumbua baada ya kuegeshwa juani ikiwa ya moto: petroli imegeuka mvuke ndani ya mabomba. Petroli ya magari hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi kuliko petroli ya ndege.
- Nguvu inapungua polepole penye hewa yenye unyevu: barafu imefanyika ndani ya kabureta, jambo linalowezekana hata hewa ikiwa na nyuzijoto 20 za Selsiasi. Huyeyushwa kwa kuelekeza hewa ya moto kwenye kabureta.
- Moshi mweusi unatoka na petroli inadondoka kwenye kabureta: boya limekwama.

Kutafuta hitilafu

Bomba hufunguliwa pale linapoingia kwenye kabureta, na mafuta hukingwa katika chombo chenye vipimo huku muda ukihesabiwa. Kazi hii hufanyika nje, mbali na moto, kizima moto kikiwa karibu, na pua ya ndege ikiwa imeinuliwa kama wakati wa kupaa. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani inashauri mtiririko ufikie asilimia 150 ya mahitaji ya injini wakati wa kuruka kwa mfumo usio na pampu, na asilimia 125 kwa mfumo wenye pampu. Injini inayotumia lita 30 kwa saa bila pampu inahitaji kupata lita 45, yaani lita 0.75 kwa dakika.

Mtiririko ukitosha, hitilafu hutafutwa ndani ya kabureta. Usipotosha, kila sehemu hukaguliwa kurudi nyuma hadi kwenye tangi. Mafuta yakiongezeka kasi baada ya kufungua kifuniko cha tangi, tundu la hewa ndilo lililoziba.

Ajali ya mwaka 1997

Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji John Denver alifariki katika ajali ya ndege ya kujijengea aina ya Long-EZ karibu na Pacific Grove, California. Mjenzi wa ndege hiyo, ambaye si Denver, aliweka mkono wa vali ya mafuta nyuma ya bega la kushoto la rubani, tofauti na michoro. Wachunguzi walieleza kuwa Denver alipoteza udhibiti wa ndege alipokuwa akijaribu kubadilisha tangi. Mkono wa vali ulikuwa mahali pagumu kufikiwa.