Jinsi Keki na Kitabu Vilivyoingia Nyumba za Ukambani

Ngano haistawi Kitui. Mvua ya huku hutarajiwa mara mbili kwa mwaka na huwa haitimizi ahadi, na udongo umezoea mtama, mawele, mbaazi, kunde na ndengu. Hata kampuni inayojiita Kitui Flour Mills, wenye unga wa Dola, kiwanda chake kiko Mombasa. Lakini pita Kitui au Makueni, kaunti mbili za Ukambani, nchi ya Wakamba, jioni ya tarehe 24 Desemba, kuanzia Mwingi hadi Mutomo, kuanzia Wote hadi Kibwezi, utafute boma ambalo halikandi unga wa ngano. Utatembea sana.

Kitabu nacho kilikuja kikiwa mgeni. Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapishwa mwaka 1850, tena Tübingen, Ujerumani. Aliyeitafsiri ni Johann Ludwig Krapf, mmishonari aliyekuwa amefika Kitui mwishoni mwa 1849 akiwa mgeni wa Kivoi, tajiri wa misafara ya pembe za ndovu. Ni katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, ndipo Krapf alipouona Mlima Kenya kwa mbali. Kitui yenyewe haikuwa na shule hata moja. Kitabu kilitangulia, wasomaji wakaja kuzaliwa baadaye.

Vitu hivi viwili, keki na ukurasa uliochapwa, vililetwa Ukambani kwa shughuli rasmi. Kusoma kulikuwa njia ya kubatizwa, na kuoka, kama tutakavyoona, kulikuwa somo la maendeleo. Hakuna mmishonari wala afisa wa serikali aliyevileta ili watu wafurahi. Furaha iliongezwa na wenyeji, jikoni, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Si kwamba raha haikuwapo. Hadithi zilikuwa za usiku, baada ya kazi, huku chungu cha isyo, yaani mahindi na maharagwe, kikitokota taratibu. Susu, yaani bibi, ndiye aliyekuwa maktaba. Msomi wa Uswidi, Gerhard Lindblom, aliyekaa na Wakamba mwaka 1911 na 1912, alizikuta hadithi za fisi, sungura na mazimwi zikisimuliwa kwa nyimbo na kuitikiwa. Hata uchachushaji ulijulikana zamani: tunda la muatini liliwekwa kwenye pombe ya asali likaiumua vizuri tu. Kwa hiyo hamira ilikuwapo Ukambani kabla ya mkate. Kilichokosekana ni cha kuumuliwa.

Shule zilianza na misheni. Walutheri wa Ujerumani walifungua kituo Ikutha mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha Mulango, karibu na mji wa Kitui, mwaka 1899. Upande wa Makueni, Peter Cameron Scott alifika Nzaui mwaka 1895 na kuanzisha kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Alifariki mwaka uliofuata, lakini misheni yake ilibaki, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa Wajerumani ikavichukua vituo vyao vya Kitui. Agano Jipya la Kikamba lilitoka 1920. Biblia nzima ilingoja hadi 1956. Kwa muda mrefu, nyumba yenye kitabu kimoja ilikuwa na hicho, na nyumba yenye viwili ilikuwa na hicho pamoja na kitabu cha nyimbo.

Unga wa ngano ulipitia mlango mwingine. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikatiza Makueni ya leo, ikapita Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, ikafika Nairobi 1899. Wajenzi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na baadhi yao, pamoja na wenye maduka waliowafuata, walibaki. Duka la Mhindi liliuza chumvi, shuka, sukari na majani chai. Mwaka 1908 Lord Delamere, aliyekuwa akihangaika na ngano kule Njoro, alianzisha kampuni ya Unga, na pole pole unga mweupe ukaingia kwenye rafu hizo hizo. Makindu, Masingasinga walijenga hekalu lao mwaka 1926, na hadi leo msafiri yeyote wa barabara ya Mombasa akisimama pale hupewa chapati, dengu na chai bila kulipa na bila kuulizwa dini yake. Sijui mahali pengine katika kaunti zote mbili ambapo historia ya chapati inaweza kuliwa ikiwa moto.

Chapati ndiyo iliyoshinda. Haihitaji tanuri, inahitaji kikaango, mafuta na mkono wenye subira. Kifimbo cha kusukumia kikikosekana, chupa ya soda hufanya kazi. Kwa kuwa unga ulikuwa wa kununuliwa, chapati ikawa chakula cha Krismasi na cha wageni, na mtoto wa Ukambani aliyezaliwa miaka ya 1960 au 1970 alizihesabu kwa mwaka, si kwa wiki. Hapa wataalamu wa upishi wanisamehe kwa kutumia neno "kuoka". Kwa familia nyingi za Kitui, huo ndio uokaji wa kwanza wa nyumbani, na ulikuwa wa furaha tangu siku ya kwanza.

Keki ni habari nyingine, na waokaji wake wa mwanzo walikuwa wanaume. Katika nyumba za walowezi na maafisa, mpishi alikuwa mwanamume, na Wakamba wengi walifanya kazi hiyo Nairobi na mashambani. Wengine waliingia jeshini, King's African Rifles, ambako Wakamba walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa kwa idadi yao nchini. Mpishi wa mzungu alijua mkate, skonzi na pudini. Alipokuja likizo alikuta mkewe hana tanuri na yeye hana haja ya kuonekana jikoni kwake, kwa hiyo ujuzi wake mwingi ulirudi Nairobi naye, bila kuguswa.

Kilichokuja nyumbani kwa uhakika zaidi ni barua. Baba aliandika, au aliandikiwa, kutoka kambini au mjini, na mtoto aliyekuwa shuleni aliitwa aisomee familia. Hapo ndipo kusoma kulipoanza kuwa shughuli ya ukoo mzima: mtoto anasoma, mama anasikiliza na kumwambia arudie pale pa fedha, susu anauliza kama kijana ametaja ng'ombe. Mtoto mwerevu alijifunza haraka sentensi za kuruka.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha Maendeleo ya Wanawake. Ulikuwa mwaka ambao serikali hiyo ilitangaza hali ya hatari ili kupambana na uasi, na nia haikuwa keki peke yake. Serikali ilitaka wanawake wa vijijini wawe upande wake. Vikundi vilifundishwa usafi, ulezi wa watoto, kushona, kufuma sweta na upishi. Wapo waliodhihaki, na hata leo wapo wanaosema kwamba mwanamke wa Ukambani, anayeteka maji kwa saa nyingi na kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, alihitaji kisima kuliko mapishi ya skonzi. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini wanawake walichukua walichotaka. Sweta ziliuzwa, na keki ikahamishwa kutoka kwenye mkutano wa kikundi ikapelekwa kwenye harusi, ubatizo na Krismasi.

Tanuri halikuwapo, na jibu lilitoka mtoni. Ukambani ni nchi ya mito ya mchanga: Tiva, Thua na vijito vyake, ambavyo hutiririka kwa siku chache na kubaki mikavu miezi mingi. Mchanga safi huchekechwa, ukamwagwa ndani ya sufuria kubwa na kutandazwa. Sufuria huwekwa kwenye jiko la makaa hadi mchanga upate moto sawasawa. Pembeni, siagi ya mkebe hupigwa pamoja na sukari kwa mwiko mpaka igeuke rangi na kuwa laini, kisha mayai ya kuku wa kienyeji huingia moja moja, unga na poda ya kuumulia (baking powder) mwishoni. Mchanganyiko humiminwa katika mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo uliopakwa mafuta na kunyunyizwa unga. Kabla ya mkebe kuingia, kipande cha karatasi ya daftari hutupwa ndani: kikigeuka kahawia taratibu moto umefika, kikiwa cheusi papo hapo ngoja kidogo. Halafu kifuniko cha bati, na makaa yanayowaka juu yake.

Siri iko hapo juu. Makaa ya kifuniko yawe mengi, ya chini yawe machache. Anayepuuza hupata keki yenye chini ya mkaa na kitovu cha uji. Kupima kama imeiva, huchomwa sindano ya kufumia sweta, ile ile ya kikundi. Ikitoka kavu, kazi imekwisha. Watoto wakati huo wamekwisha kuilamba sufuria ya kuchanganyia na kugombania mwiko.

Kusoma kwa raha kulichelewa kidogo kuliko keki, na kulihitaji waandishi wa nyumbani. East African Literature Bureau iliundwa 1948 ili kuchapisha vitabu vya lugha za huku, na ikawa inapeleka masanduku ya vitabu katika vituo vya mashambani na kuazimisha vingine kwa posta. Kisha 1954 kikatoka kitabu cha Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake. Mwandishi wake, John Mbiti, alikuwa kijana mzaliwa wa Mulango, pale pale kwenye misheni, mwaka 1931. Dunia inamjua kama mwanatheolojia wa African Religions and Philosophy, kitabu cha 1969, lakini Kitui inaweza kudai mambo mawili mengine. Alizunguka akikusanya hadithi za wazee wake na kutoa Akamba Stories mwaka 1966, na uzeeni aliyatafsiri upya Maandiko ya Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki, yakachapishwa 2014, miaka mitano kabla ya kifo chake. Katika mtu huyo mmoja hadithi ya jioni na kitabu cha misheni vilikaa meza moja bila ugomvi.

Mwandishi wa pili hakukaa na misheni meza moja hata kidogo. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu mwaka 1939, alianzisha kampuni yake, Comb Books, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Unfit for Human Consumption, My Dear Bottle na After 4.30 vilikuwa vitabu vidogo, vya bei nafuu, vya Kiingereza chepesi, kuhusu makarani, pombe, makahaba na mabosi wasiojua kuzuia mikono yao. Wahakiki wa chuo kikuu walikunja uso. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Wasomaji walivinunua kwa wingi, wakavificha chini ya godoro na kuazimana mpaka majalada yakatoka. Mimi namhesabu Maillu kuwa mwalimu mkubwa wa kusoma kuliko anavyopewa sifa: watu waliomaliza shule wakiamini kitabu ni mtihani walimaliza kitabu chake kwa usiku mmoja, kwa taa ya koroboi, bila mtu kuwalazimisha.

Na kuna maktaba ambayo haijawahi kuhesabiwa na mtu. Mandazi ya sokoni na ya kioski yalifungwa kwa gazeti kuukuu. Ndani ya nyumba, magazeti hayo hayo yalibandikwa ukutani kwa uji wa unga kuzuia vumbi. Taifa Leo, lililoanza 1960, lilibeba vituko vya Juha Kalulu vilivyochorwa na Edward Gitau, na mtoto aliyetumwa mandazi alirudi akisoma kituko chenye doa la mafuta, mara nyingi nusu tu, maana nusu nyingine ilikwenda na mandazi ya jirani. Wapo waliojua mwisho wa hadithi nyingi bila kujua mwanzo.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985, Sayansi Kimu iliingia shule za msingi na kutahiniwa, na sufuria ya mchanga ikapanda cheo ikawa mchoro wa kwenye daftari wenye mishale na majina ya sehemu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo liliondolewa kwenye mtihani. Wakati huo jiko la udongo lililofunikwa bati, lililoenea tangu miaka ya 1980, lilikuwa limepunguza makaa yanayohitajika, na mijini gesi ilikuwa inaanza kuchukua nafasi. Kisha mwanzoni mwa 2018 gavana wa Kitui, Charity Ngilu, akapiga marufuku kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti, kwa sababu miti ilikuwa inaisha na mito inachimbwa hadi mwambani. Uamuzi ulilenga malori ya Nairobi, lakini mtu aliyezoea kuoka kwa makaa na mchanga hakukosa kutabasamu: serikali ilikuwa imetaja viungo vyake viwili katika amri moja.

Leo keki za siku ya kuzaliwa Kitui mjini na Wote huagizwa kwa simu, zikiwa na jina la mtoto kwa sukari ya rangi, na waokaji wengi ni wanawake wanaofanya kazi hiyo nyumbani, kwa oveni ya gesi. Mwingi ina maktaba ya umma. Na mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019, umerudisha upishi darasani pamoja na kazi za kufanywa na mzazi. Kwa hiyo kuoka kumekuwa tena somo, na kusoma hadithi kumekuwa tena zoezi lenye alama. Wazazi wananung'unika kuhusu gharama ya unga na mayai, na mwalimu anataka picha ya keki itumwe kwa simu kabla haijakatwa. Hilo la mwisho, nyumba nyingi haziwezi kuliahidi.