Viatu vya pikipiki: Jinsi ya kuteua vinavyokinga mguu na kufaa kwa shughuli za kila siku

KIFUNGU cha 103B cha Sheria ya Trafiki nchini Kenya kinamtaka mwendeshaji pikipiki na abiria wake wavae helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga. Kichwa na kifua vimetajwa, mguu haukutajwa. Ndiposa si ajabu kumwona mhudumu wa bodaboda aliyetimiza masharti hayo yote, ilhali miguuni amevaa ndara.

Mguu uko karibu mno na hatari. Pikipiki ikianguka kwa ubavu, uzito wake aghalabu hutua juu ya mguu. Gari likiipita kwa karibu mno, mguu huweza kuwa wa kwanza kuguswa. Isitoshe, kwa anayetafuta riziki kwa pikipiki, kifundo kilichovunjika ni wiki nyingi bila kipato.

Kazi ya kiatu

Kiatu kinachofaa hutekeleza mambo manne. Hufunika kifundo chote, hustahimili msuguano wa lami, hakikunjiki ovyo kinapobanwa kutoka kando, na soli yake haitelezi kwenye matope au mafuta.

Viatu vilivyoundwa mahsusi kwa waendeshaji na kupimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 13634 huwa na mchoro wa pikipiki na tarakimu nne, kila moja ikiwa 1 au 2. Ya kwanza huonyesha kimo cha kiatu, ya pili uwezo wa kuhimili mkwaruzo, ya tatu uwezo wa kuhimili mkato, na ya nne ugumu wa kiatu kinapobanwa kutoka kando. Katika tatu za mwisho, 2 huashiria kinga kubwa zaidi. Herufi IPA humaanisha kuna kinga ya ziada ya kifundo, na WR kwamba kiatu huzuia maji.

Ukipima kwa mikono

Si wote wanaomudu viatu hivyo. Hata hivyo, buti ya ngozi inayopita kifundo, iwe mpya au ya mtumba kutoka soko kama Gikomba, ni bora mara nyingi kuliko raba.

Kabla ya kulipa, bonyeza kisigino na ncha ya kiatu kwa kidole gumba. Visibonyee kwa urahisi. Shika kiatu kwa mikono miwili na ukisokote kama unayekamua nguo. Kikijipinda bila ukinzani, kirudishe. Kagua iwapo soli imeshonwa au imegundishwa tu. Kwa mitumba, kunja soli na utazame nyufa, kwani baadhi ya soli nyepesi za povu la plastiki huharibika kwa umri hata kama kiatu hakijavaliwa.

Kijaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazovaa kazini. Kisha keti juu ya pikipiki. Ncha ya kiatu iingie bila taabu chini ya kikanyagio cha gia, na mguu wa kulia uihisi breki ya nyuma.

Kuendesha na kutembea

Mhudumu hushuka, hubeba mizigo na kupanda ngazi. Buti ndefu na ngumu ya mashindano itamchosha. Ile inayopita kifundo kidogo, nyeusi na isiyo na madoido, itamfaa barabarani, ofisini na hata kanisani.

Gambuti huzuia maji, lakini mpira wake ni laini, hauushiki mguu, na huweza kuvuka mtu akiburuzwa. Buti za ujenzi zenye chuma hulinda vidole, ila baadhi zina ncha nene isiyopita chini ya gia. Raba huacha kifundo wazi. Sandali na akala hazifai kabisa.

Kamba nazo ni hatari. Ikinaswa kwenye gia au kikanyagio, mwendeshaji anaposimama hushindwa kuteremsha mguu, akaanguka na abiria wake. Zifunge fupi na uchomeke ncha zake ndani ya kiatu.

Abiria asisahaulike

Katika pikipiki nyingi za bodaboda, bomba la moshi liko upande wa kulia. Abiria ashukie kushoto. Viatu vya kufunika mguu humpunguzia hatari ya kuungua na ya kidole kunaswa, hasa mtoto anayepelekwa shuleni.

Utunzaji

Kiatu kikilowa, kijaze magazeti na ukianike kivulini. Joto la jiko hupasua ngozi na kuachanisha gundi. Kipake rangi mara kwa mara. Baada ya ajali, kikague upya. Kisigino kilichopondeka au mshono uliofumuka hautakukinga mara ya pili.

Fedha zikiwa chache, anza na kimo: hakikisha kifundo kimefunikwa. Mengine yafuate kadiri mfuko unavyoruhusu.