Besi Mbele ya Hadhira

Katika okestra za Ulaya, kama ilivyo katika vikundi vya taarabu vya Unguja, iko fidla moja kubwa kupita zote, ndefu kuliko mpigaji wake, ambayo hupigwa kwa kusimama au kwa kukalia stuli ndefu. Katika makala haya nitaiita besi. Sauti yake ni nzito, nayo hukaa chini ya sauti nyingine kama msingi wa nyumba: hapana mgeni ausifuye msingi, lakini ukiondolewa nyumba haisimami. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba besi iliumbwa ili itumikie tu, wala haikuumbwa ili isikilizwe. Historia inatueleza vingine. Zaidi ya mara moja besi imesimama peke yake mbele ya hadhira, ikatukuzwa, kisha ikarudi nyuma. Sababu ya kurudi huko ndiyo iliyonitia hamu ya kuandika, kwani inatuhusu sisi walimu.

Mara ya kwanza ilikuwa mjini Vienna katika nusu ya pili ya karne ya 18. Besi ya huko ilikuwa na nyuzi tano zilizolinganishwa kwa namna ya pekee, hata mpigaji aliweza kutoa sauti nyingi zilizopatana bila kuhamisha sana mkono. Watunzi waliipenda. Haydn aliipa nafasi ya kusikika peke yake katika simfonia zake za mwaka 1761. Dittersdorf na Vanhal waliitungia koncheto, yaani tungo ambamo mpigaji mmoja huongoza na okestra nzima ikamwitikia. Na Sperger, aliyekuwa mpigaji mwenyewe, alitunga koncheto kumi na nane. Mwaka 1791 Mozart aliandika wimbo wa sauti nzito ya mwanamume ukisindikizwa na besi. Lakini karne ya 19 ilipoingia, ulinganishaji ule uliachwa, kwani okestra zilihitaji namna nyingine. Karatasi zilibaki makabatini. Mikono iliyojua kuzisoma haikubaki.

Wakati huohuo alitokea Domenico Dragonetti, aliyezaliwa Venice mwaka 1763 na kuhamia London mwaka 1794. Mwaka 1799 alipopita Vienna, alimpigia Beethoven kwa besi sonata iliyotungwa kwa ajili ya selo, na Beethoven akastaajabu. Dragonetti alifariki mwaka 1846, na tungo zake nyingi, zikiwa bado katika maandishi ya mkono, zikaingia katika hifadhi ya makumbusho ya London.

Aliyemfuata kwa sifa ni Giovanni Bottesini, mzaliwa wa Crema katika Italia, na kisa chake chastahili kusimuliwa kwa kituo. Mwaka 1835, alipokuwa kijana wa miaka 13 hivi, baba yake alitaka aingie chuo cha muziki cha Milan, lakini uwezo wa kumlipia haukuwapo. Nafasi za ufadhili zilizobaki zilikuwa mbili tu: ya basuni na ya besi. Kijana alikuwa mpigaji wa fidla, wala besi haikuwa chaguo lake; aliichukua kwa sababu ndiyo iliyobaki. Miaka minne baadaye aliondoka chuoni na tuzo, akanunua besi ya zamani yenye nyuzi tatu iliyotengenezwa na Testore, akaenda nayo hadi Havana na London. Wasikilizaji walishangaa kusikia chombo kile kizito kikiimba kama mtu. Isitoshe, ndiye aliyeongoza okestra mjini Cairo tarehe 24 Desemba 1871, siku opera ya Verdi iitwayo Aida ilipooneshwa kwa mara ya kwanza. Kweli, mdharau mwiba mguu huota tende. Hata hivyo, Bottesini alipofariki mwaka 1889, watu walimkumbuka kama ajabu la dunia, na ajabu halina mrithi.

Jambo kama hilo lilijirudia Urusi. Serge Koussevitzky, mtoto wa familia maskini aliyezaliwa mwaka 1874, naye alijifunza besi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na ufadhili. Alitunga koncheto yake na kuipiga Moscow mwaka 1905. Lakini baadaye alijulikana zaidi kama kiongozi wa okestra, hasa ile ya Boston aliyoiongoza tangu 1924 hadi 1949.

Mabadiliko ya kudumu yalikuja na Mmarekani Gary Karr. Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka ishirini, alipiga besi katika onyesho la televisheni lililoongozwa na Leonard Bernstein; mjane wa Koussevitzky akampa besi ya marehemu mumewe. Karr angeweza kuridhika na makofi. Badala yake, mwaka 1967 alianzisha chama cha kimataifa cha wapiga besi, ambamo walimu na wanafunzi hukutana, hubadilishana tungo na kusikilizana. Leo koncheto za Vanhal na Dittersdorf hufundishwa vyuoni na hupigwa katika mashindano.

Ndugu walimu, nimewaona wanafunzi wakiletwa katika darasa la Kiswahili kwa sababu madarasa mengine yamejaa, nao wakaingia wameinamisha vichwa. Tangu nilipokijua kisa cha Bottesini, siwatazami tena kwa huzuni. Lakini kisa kizima kinatuonya pia. Kipaji cha mtu mmoja, hata kiwe kikubwa namna gani, huzikwa pamoja naye. Kinachodumu ni kile kilichoandikwa, kikafundishwa, kikapokewa na wengi. Tusijivunie mwanafunzi bora mmoja. Tuulizane ni nani atakayefundisha baada yetu.