Picha za Lord Mansfield, Jaji Mkuu wa Uingereza

Katika Uingereza ya enzi ya kina George, yaani kipindi cha kuanzia 1714 hadi 1830 ambapo wafalme wanne wa jina hilo walifuatana kitini, picha ya rangi ya mtu mkubwa ilikuwa tamko la cheo chake, na mwanasheria aliyepanda daraja katika dola aliketi tena mbele ya mchoraji ili daraja hilo lionekane. William Murray, aliyekuja kuitwa Lord Mansfield, alichorwa mara nyingi kiasi kwamba maisha yake yanaweza kufuatiliwa kwa picha tangu ujana wa uwakili hadi uzee.

Alizaliwa Scone, Uskoti, mwaka 1705, akaanza uwakili London mwaka 1730, na akachorwa akiwa bado wakili na Mfaransa Jean-Baptiste van Loo, aliyefanya kazi mjini humo kati ya 1737 na 1742. Baada ya hapo vyeo vilimjia kwa mfululizo: Wakili Mkuu wa Serikali mwaka 1742, Mwanasheria Mkuu mwaka 1754, na hatimaye, mwaka 1756, Jaji Mkuu wa Mahakama ya Mfalme, kiti alichokikalia kwa miaka 32 huku akiingiza katika sheria ya nchi desturi za wafanyabiashara kuhusu bima na hati za malipo.

Picha za kipindi hicho zina lugha yake. Joho jekundu lenye manyoya meupe na wigi refu lililoshuka mabegani vilimtangaza mwenye mamlaka kabla uso haujatazamwa, na vitu vilivyowekwa kando yake vilieleza elimu yake. Ndiyo maana David Martin, Mskoti mwenzake, alimchora pamoja na sanamu ya marumaru ya kichwa cha Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, ambayo mshairi Alexander Pope alimwachia Murray kwa wosia. John Singleton Copley, mzaliwa wa Boston, alimchora mara mbili kwa namna mbili tofauti kabisa. Katika picha kubwa ya mwanasiasa Earl wa Chatham akianguka ndani ya Baraza la Malodi mwezi Aprili 1778, wajumbe wengine wanasimama kwa mshtuko, ilhali Mansfield, mpinzani wa Chatham wa miaka mingi, amebaki ameketi. Hiyo ni hukumu kali iliyotolewa kwa brashi. Mwaka 1783 Copley huyohuyo alimchora peke yake, mzee mwenye utulivu ndani ya majoho, miaka 3 tu baada ya ghasia za Juni 1780 dhidi ya Wakatoliki, ambapo umati uliiteketeza nyumba yake ya Bloomsbury Square pamoja na maktaba na maandishi yake.

Joshua Reynolds alifuata mwaka 1785, na mwanafunzi wake James Northcote alisimulia kwamba jaji, alipoulizwa kama picha ilifanana naye, alijibu kuwa hawezi kusema, kwani hakuwa amejitazama kwenye kioo kwa miaka 30, akivishwa siku zote na mtumishi wake. Francesco Bartolozzi aliichonga picha hiyo juu ya bamba la shaba, njia iliyowezesha nakala nyingi kupigwa chapa na kuuzwa, hivyo uso ambao mwenyewe hakuutazama ukafahamika kwa watu wasiowahi kufika mahakamani kwake.

Hata hivyo, picha inayomweleza vizuri zaidi ni ile ambayo yeye mwenyewe hayumo. Ilichorwa miaka ya mwisho ya 1770, na sasa huaminika kuwa kazi ya David Martin. Inaonyesha wasichana wawili waliolelewa nyumbani kwa Mansfield huko Kenwood: Elizabeth Murray, binti wa mtoto wa kaka yake, na Dido Elizabeth Belle, binti wa mpwa wake John Lindsay aliyezaa na Maria Belle, mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Kwa hesabu ya ujamaa wa Waswahili, wote wawili ni wajukuu zake. Elizabeth ameshika kitabu na kumgusa mwenzake mkono. Dido, mwenye kilemba na matunda, anamtazama mtazamaji moja kwa moja, akitabasamu.

Mwenye nyumba hiyo ndiye aliyeamua, tarehe 22 Juni 1772, kwamba James Somerset, mtumwa aliyefungwa melini ili apelekwe Jamaica, aachiwe huru, kwa kuwa sheria ya Uingereza haikumruhusu bwana kumtoa mtu nchini kwa nguvu. Uamuzi huo haukufuta utumwa, na mwaka 1783 kesi ya meli Zong, ambamo Waafrika wapatao 130 walitupwa baharini, ilifika mbele yake kama dai la bima, wala haikusikilizwa kama kesi ya mauaji. Katika wosia wake alithibitisha uhuru wa Dido, akamwachia paundi 500 na posho ya paundi 100 kila mwaka.

Mansfield alifariki mwaka 1793, na sanamu yake iliyochongwa na John Flaxman iko Westminster Abbey, ameketi juu akiwa na majoho yake. Picha ya wasichana wale wawili imetundikwa Scone, mahali alikozaliwa.