Oscar: namna mwigizaji msaidizi anashinda mu filamu za nyimbo

Mu filamu za nyimbo, watu wanaangalia kwanza nyota mkuu. Lakini siku ya Oscar, mara nyingi ni mwanamke wa pembeni ndiye anabeba zawadi. Kuanzia 2003 mpaka 2025, watano walishinda kama mwigizaji msaidizi wa kike: Catherine Zeta-Jones (Chicago, 2003), Jennifer Hudson (Dreamgirls, 2007), Anne Hathaway (Les Misérables, 2013), Ariana DeBose (West Side Story, 2022) na Zoe Saldaña (Emilia Pérez, 2025).

Namna kura inapigwa

Zawadi hii ilianza kutolewa 1937. Waigizaji walio wanachama wa Academy ndio wanachagua majina 5. Kisha wanachama wote wa kazi za sinema, hata watunzi wa muziki na wapiga picha, wanapiga kura ya mwisho.

Wenye filamu wanapendekeza mwigizaji apigiwe kura kama mkuu ao kama msaidizi. Hapo kunakuwa na mabishano. Saldaña anaonekana sana mu Emilia Pérez, kufika wengine walisema yeye ni mwigizaji mkuu. Walimweka kwa wasaidizi, na akashinda mbele ya Ariana Grande wa Wicked.

Wimbo mmoja unaweza kutosha

Hathaway hakai sana mu Les Misérables. Anacheza Fantine, mama anayefukuzwa kazi na kuuza nywele zake juu ya kulisha mtoto. Aliimba palepale mbele ya kamera, hakurekodi kwanza mu studio. Ile sauti ya kilio ndiyo watu walikumbuka.

Hudson naye alikuwa ametolewa mu shindano la American Idol 2004. Dreamgirls ilikuwa filamu yake ya kwanza. Alicheza mwimbaji mwenye sauti kubwa anayesukumwa pembeni, nafasi yake inapewa mwingine, aliyechezwa na Beyoncé. Kwa Oscar, Hudson ndiye alichaguliwa na kushinda. Beyoncé hakuwa mu majina.

Hawa wawili wanafanana: kila mmoja anacheza mtu anayepoteza kitu, na wimbo ndio unasema ile maumivu. Lakini sauti nzuri peke yake haitoshi. Danielle Brooks alichaguliwa kwa The Color Purple, 2024, na hakushinda.

Kisha zawadi, inakuwa nini?

Rita Moreno, aliyezaliwa Puerto Rico, alishinda 1962 kwa kucheza Anita mu West Side Story ya kwanza. Watu waliwaza milango yote imefunguka. Mwenyewe alieleza kwamba kisha pale walimletea tu kazi za namna ileile, za wanawake wa Kilatino waliodharauliwa. Akakataa, na akakaa miaka bila filamu kubwa. Aliendelea na tamthilia na televisheni.

Miaka 60 kisha, DeBose alishinda kwa kucheza Anita yuleyule mu filamu mpya ya Steven Spielberg. Ni mara ya kwanza wanawake wawili kupata Oscar ya uigizaji kwa mhusika mmoja. Moreno mwenyewe alikuwa mu ile filamu mpya, alipewa jukumu lingine: mama mzee mwenye duka.