Gobore Lilivyoishusha Vugha

Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu na kuanzisha ukoo wa Wakilindi, aliingia Usambara na mikuki, mbwa na uganga wa kuwindia nguruwe. Nyama akaigawa, watu wakampa nchi, na kila aliyekalia kiti chake Vugha, mji mkuu wa ufalme, akaitwa Simba Mwene. Mfalme alipewa ng'ombe na wake, naye akadaiwa mvua. Kazi hiyo Washambaa waliiita kuzifya shi, kuitengeneza nchi. Haikuhitaji risasi hata moja.

Bunduki zilianzia bondeni. Wazigua, walio karibu zaidi na pwani, walizipata mapema kwa biashara ya pembe na watumwa, wakaanza kuibana nchi ya mlimani. Mfalme wa Vugha wakati huo, Kimweri ye Nyumbai, hakukaa bure. Msafiri Mwingereza Burton, aliyefika Vugha na mwenzake Speke mwaka 1857 akamkuta Kimweri mzee na mgonjwa, aliandika kwamba mfalme huyo alikuwa na kikosi cha watu wa bunduki aliowaita Waengrezi, yaani Waingereza. Hata hivyo, ufalme wake haukusimama juu ya kikosi hicho.

Ili kuelewa yaliyofuata, inafaa kulitazama gobore lenyewe. Kifyatulio, kile kinachoguswa na kidole, hakina nguvu yoyote. Nguvu imo katika kamani iliyofichwa ubavuni mwa mti wa bunduki. Nyundo ikivutwa nyuma, ulimi mdogo wa chuma hunasa kwenye pengo lake. Kidole kikivuta, kifyatulio huuinua ulimi, nyundo ikaanguka, cheche ikafika kwenye baruti. Fundi hukipachika kifyatulio kiukaribie ulimi bila kuulemea. Kikiulemea, ulimi haunasi sawasawa na bunduki yaweza kulia yenyewe. Kikiwa mbali mno, mpigaji huvuta hewa kwanza na shabaha humpotea. Mti nao hunywa unyevu ukavimba, kifyatulio kikabanwa, na milima yetu ni ya ukungu na mvua. Hapo gobore la gumegume lilikuwa silaha ya mashaka: baruti ikilowa, mtu amebaki na gongo.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba baruti, mawe ya gumegume, na baadaye fataki, vilipanda kutoka Pangani, pwani. Mkuki ulifuliwa na mhunzi wa karibu. Gobore lilimfunga mwenyewe kwenye njia ya misafara. Njia hiyo haikupita Vugha. Ilipita chini, bonde la Mkomazi, mbele ya Mazinde.

Semboja, mwana wa Kimweri, aliliona hilo mapema kuliko ndugu zake, akahamia Mazinde. Kimweri alipofariki mwaka 1862 kiti kilikwenda kwa mjukuu, Shekulwavu, mwenye Vugha na heshima zake zote. Semboja alikuwa na barabara. Mwishoni mwa miaka ya 1860 aliivamia Vugha akisaidiwa na watu wa nje, Shekulwavu akakimbia, na baadaye Semboja akamweka mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu, huko juu. Yeye hakuhama Mazinde. Naliona hilo kuwa ushahidi ulio wazi kuliko vita yenyewe.

Gharama ya bunduki hizo naiandika kwa uchungu. Wakuu waliotaka bunduki waliwauza raia wao wenyewe, na raia hao ndio waliolipa bei ya kila pipa la baruti. Wakati huohuo majeshi ya Ulaya yalikuwa yakihamia bunduki za kujazwa kwa nyuma, na zile za zamani zikamiminwa Zanzibar. Abdallah bin Hemedi, aliyemtumikia Semboja na kuandika Habari za Wakilindi, aliyaishi mambo hayo.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha kuingia sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mlango wa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, kwa masharti. Mwafrika aliachiwa mtambo ule ambao Ulaya ilikwisha kuutupa. Wajerumani walipanda mlimani na silaha mpya. Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa. Kiti cha Vugha kikaenda kwa Kinyashi, wa upande wa Shekulwavu, chini ya serikali iliyoweka askari wake wenyewe Wilhelmsthal, ambayo leo ni Lushoto.