Waliolipa Kabla ya Kusikia



Juma hili tunaitazama historia ya neno tulilolizoea: albamu. Leo linamaanisha mkusanyiko wa nyimbo. Enzi za santuri za shelaki, albamu ilikuwa kitabu hasa, chenye jalada gumu na kurasa zilizokuwa mifuko ya karatasi. Katika kila mfuko ilikaa santuri moja.

Sababu yake ilikuwa ufinyu wa santuri yenyewe. Shelaki, utomvu utokanao na wadudu wa India na nchi jirani, ilivunjika upesi. Santuri ilizunguka mara 78 hivi kwa dakika, na upande mmoja wa santuri ya inchi 12 ulibeba dakika nne hadi tano tu. Muziki mrefu ulilazimika kukatwa vipande. Ndiyo maana mwaka 1909 kampuni ya Odeon ilitoa muziki wa Tchaikovsky, Nutcracker Suite, katika santuri 4 zilizouzwa pamoja.

Lakini seti nzima ilikuwa ghali. Aliyemudu santuri moja ya wimbo wa kupendwa hakumudu lazima santuri sita za muziki mzito, na kampuni nazo ziliogopa kubaki na mzigo usionunuliwa. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ukazidisha hofu hiyo.

Mwaka 1931, huko London, Walter Legge wa kampuni ya HMV alipata njia. Alitaka kurekodi nyimbo za Hugo Wolf, mtunzi ambaye wachache tu walimnunua. Akatangaza chama cha wasikilizaji: wakipatikana watu 500 wa kujiandikisha na kulipa, kazi ingeanza. Walipatikana, na Elena Gerhardt akaimba albamu ya kwanza. Kwa utaratibu huohuo, Artur Schnabel, aliyekuwa amekataa santuri kwa miaka mingi, alirekodi sonata zote 32 za Beethoven kati ya mwaka 1932 na 1935.

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta santuri ndefu, iliyobeba zaidi ya dakika 20 kila upande. Kitabu cha mifuko kikapoteza kazi yake, jina likabaki.

Tunawafikiria wale 500. Walinunua sauti ambayo bado haikuwa imeimbwa. Wangesema, "Tuone kwanza, ndipo tutoe," pasingekuwa na cha kuona. Katika jumuiya zetu nasi tunapenda kusubiri msingi uonekane ndipo tulete tofali letu, kisha twashangaa kwa nini msingi hauonekani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba ya kwanza huwekwa katika kibaba kitupu. Tujiulize juma hili: ni jambo gani jema linalosubiri neno letu la kwanza?